Kabineti Moja Tu: Kuchagua Spika ya Modela ya Gitaa

Ndugu wapiga gitaa, asanteni kwa kuja.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: mtu ana modela, ile mashine ya kidijitali inayoiga amplifaya za valvu. Kwenye hedifoni inapiga vizuri ajabu. Akiichomeka kwenye amplifaya yake ya gitaa, sauti inakuwa nzito na imezibwa. Modela haina kosa. Kilichokosewa ni mpangilio.

Spika ya gitaa haikuundwa itoe masafa yote sawasawa. Celestion, watengenezaji wa spika za gitaa, wanaandika kwamba spika yao ya Vintage 30 inafanya kazi kati ya hezi 70 na 5,000, wakati sikio la kijana linasikia hadi karibu 20,000. Kule juu kunakokatwa ndiko uliko mkwaruzo mkali wa disto, ile sauti ya gitaa iliyokwaruzwa makusudi. Kwa hiyo waundaji wa modela huiga pia kabineti, yaani kasha la mbao lenye spika, tena iliyokwishawekewa mikrofoni. Ukiipitisha sauti hiyo kwenye kabineti ya mbao, umevaa koti juu ya koti.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni spika ya masafa yote, ya jamii moja na spika za ukumbini. Hapo kabineti ya kidijitali unaiacha iwake, na unachosikia kinakaribia sana kile wanachosikia watu waliokuja kukusikiliza. Ila aliyezoea kusimama mbele ya kabineti ataona kuna kitu kimepungua, kwa sababu anasikiliza sauti iliyonaswa na mikrofoni karibu kabisa na spika.

Ya pili ni pawa amplifaya, ile inayoipa spika nguvu, na kabineti halisi. Zima kabineti ya kidijitali kwenye waya unaokwenda huko, lakini iache kwenye waya unaokwenda kwa fundi sauti. Ukitumia amplifaya uliyonayo, usiingie kwa mbele, maana utapita kwenye pri-amplifaya ya pili, yaani sehemu inayounda sauti, ambayo modela imekwisha kuiiga. Igeuze, tafuta tundu la ritani la efekti (return), linaloiruka pri-amplifaya, ingia hapo. Mara nyingi malalamiko yote yanaishia kwenye tundu hilo. Gharama yake ni kwamba kila amplifaya utakayoiga itatokea kwenye spika ileile.

Kuhusu wati, msidanganyike na namba kubwa za kwenye boksi. Nyingi ni za kilele cha muda mfupi sana. Kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu. Spika yenye unyeti, yaani ukubwa wa sauti inayotoa kwa wati moja, wa desibeli 100 ikipewa wati 50 inalingana na yenye 97 iliyopewa wati 100. Someni unyeti kwanza.

Mimi kwa bendi inayopiga na mitambo ya ukumbi nachagua masafa yote, bila kusita. Kwa anayepiga chumbani na marafiki, kabineti halisi ina raha yake.

Lakini njia yoyote utakayochukua, usitengeneze sauti zako kwa sauti ya chini. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio husikia besi hafifu sauti ikiwa ndogo. Besi uliyoiongeza usiku kwa kunong'ona itameza bendi nzima jukwaani. Fungua hadi kiwango cha mazoezi, simama hatua chache mbele ya spika, ielekeze usawa wa masikio, kisha punguza besi kabla hujagusa kitu kingine.