Ndoo Iliyo Chini ya Meza: Mhadhara kwa Wauza Samaki wa Feri, Dar es Salaam

Shikamooni wakubwa zangu, na habari za mnada, vijana. Najua wengine mko macho tangu usiku, kwa hiyo sitawaweka sana.

Kila mmoja aitazame ndoo iliyo chini ya meza yake. Alfajiri ilikuwa na maji. Ukaoshea changu wa kwanza, ukasuuza kisu, ukanawa mikono baada ya kushika noti, kijana akatumbukiza kibao cha kuparia. Ifikapo saa 4 ni damu, ute, magamba na utumbo. Samaki wa ishirini unayemtia humo humwoshi tena, unampaka.

Samaki mzima akitoka baharini, mnofu wake hauna bakteria. Wako kwenye ute wa ngozi, kwenye mashavu na tumboni. Akifa, kinga yake imekufa naye, nao huanza kupenya. Kwa joto letu hili wapo wanaogawanyika kila baada ya dakika 20. Pigeni hesabu: tangu saa 12 asubuhi hadi saa 6 mchana ni mara 18, na mmoja amekuwa zaidi ya 260,000. Kwenye ndoo ile hukuanza na mmoja.

Bakteria wa samaki mwenyewe wengi wao huleta kuoza, na pua itakwambia. Wanaonitia hofu zaidi ni salmonela na kipindupindu, maana hao hawatoi shombo. Hufika mezani kwa mikono iliyotoka chooni bila sabuni, kwa nzi, na kwa maji machafu. Ndiyo maana nawasihi msioshee samaki maji yanayochotwa pale boti zinapofunga. Mtasema yana chumvi. Kimelea cha kipindupindu hakiogopi chumvi hiyo, kinaishi humo humo katika maji ya pwani. Kinachokiua ni klorini.

Nasikia mtu anasema, "Si tunakaanga?" Ni kweli, moto wa kutosha unaua bakteria. Lakini nisikilizeni habari ya vibua na jodari. Minofu yao ina kitu kiitwacho histidini, tena kwa wingi. Wakikaa juani, bakteria huigeuza kuwa histamini. Hii huwezi kuiona wala kuinusa, na moto hauiondoi. Kaanga, chemsha, choma, bado ipo. Mteja anakula, muda si mrefu uso unawaka, midomo inawasha, vipele vinatoka, kichwa kinagonga. Anasema ana aleji ya vibua. Wapo wenye aleji kweli. Lakini mtu aliyekula vibua miaka yote, siku moja akawashwa yeye na wanawe waliokula sahani moja, huyo yaelekea alikula samaki waliokosa barafu. Mama lishe aliyewakaanga hana kosa. Walikwisha kuharibika kabla hajawanunua.

Barafu basi. Kilo moja ya samaki, kilo moja ya barafu, iliyogandishwa kwa maji safi. Karibu theluthi yake huisha kwa kumpoza tu kutoka nyuzi 30 hadi karibu na sifuri. Iliyobaki ndiyo ya kumlinda hadi jioni. Vipande vitatu juu ya beseni havipozi kitu. Gunia bichi huzuia kukauka, lakini si barafu. Na kasha liwe na tundu chini, maji yanayoyeyuka yatoke, wale wa chini wasilale ndani ya maji machafu ya wenzao.

Kuna jambo linaniuma. Mwishoni mwa 1997, kipindupindu kikienea Afrika Mashariki, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka kwetu, Kenya, Uganda na Msumbiji, na zuio likaondolewa katikati ya 1998. Lilipigiwa kelele, na viwanda vya sangara kule Ziwa Victoria vikabanwa: barafu, maji ya klorini, vipimo vya maabara. Vizuri sana. Lakini kibua anayekwenda Mbagala bado anasafiri kwenye ndoo wazi nyuma ya pikipiki. Mtoto wa Mbagala anastahili barafu ile ile.

Mama mmoja amenishika mkono kabla sijaanza, akaniambia, "Mwanangu, barafu inakula faida yote." Simbishii. Changeni watatu kasha moja lenye kuta nene, likae kivulini, na mezani watoke wachache wachache. Anayekosa barafu kabisa asichukue vibua siku hiyo. Ndoo ya kuoshea ibadilishwe mara tu maji yanapogeuka rangi, na ya kunawia mikono iwe nyingine, yenye bomba na sabuni.

Nimekuja na kipimajoto. Nileteeni samaki mmoja kutoka kwenye beseni na mmoja kutoka kwenye barafu, nikichomeke kwenye mnofu, namba mzisome ninyi wenyewe.