Moyo Ukisimamishwa: Baridi au Potasiamu?

ATIENO: Karibuni tena kutoka Kisumu. Wiki hii, Mwalimu, nilimsindikiza binti ya dada yangu kwenda kubadilishiwa vali, yaani mlango wa moyo, iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Baba yake aliniuliza swali lililonikosesha usingizi: moyo ukisimamishwa kwa zaidi ya saa nzima, unaponaje?

WAFULA: Ulimjibuje, Sista?

ATIENO: Nilimwambia kwamba mashine huchukua kazi ya moyo na mapafu, aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, hubanwa kwa koleo, kisha dawa yenye nyuzijoto 4 hupitishwa katika mishipa inayolisha moyo wenyewe. Baridi hiyo ndiyo mlinzi.

WAFULA: Hapo siafiki. Mlinzi ni potasiamu iliyomo katika dawa hiyo, kwa kuwa ndiyo inayozima umeme wa seli na kuufanya moyo utulie ukiwa umelegea. Moyo unaofanya kazi hutumia takriban mililita 8 hadi 10 za oksijeni kwa kila gramu 100 za misuli kwa dakika. Ukisimama ungali na joto, hutumia kama mililita 1 tu. Baridi hupunguza kile kidogo kilichobaki.

ATIENO: Kidogo hicho ndicho kinachoua upasuaji unaporefuka! Damu inayopenya kutoka mishipa ya jirani huiosha dawa na kuupasha moyo joto, ndiyo maana kwa dawa nyingi tunarudia dozi kila baada ya dakika 20 hivi.

WAFULA: Mbona basi madaktari wa Toronto, Kanada, walitumia damu yenye joto kuibeba dawa hiyo, na utafiti wao wa wagonjwa 1,732 uliochapishwa mwaka 1994 haukuonyesha tofauti ya kuaminika katika vifo?

ATIENO: Wale walikuwa wagonjwa wa mishipa ya moyo, Mwalimu, wala si binti mwenye vali iliyokakamaa na moyo uliotanuka. Tena damu ya joto hudai mtiririko usiokatika, ilhali daktari hulazimika kuukatiza ili aone anaposhona. Katika nafasi hiyo moyo wa joto hauna kinga yoyote.

WAFULA: Nao moyo wa baridi huamka kwa uzito, kwa sababu pampu za utando wa seli, zinazosawazisha chumvi ndani na nje ya seli, zimedumaa. Gharama hiyo hamwitaji.

ATIENO: Tunaitaja, na tunaikubali kwa hiari.

WAFULA: Mimi siikubali.

ATIENO: Basi tubaki hapo, maana muda umetutupa mkono. Daktari Melrose wa Uingereza na potasiamu yake kali ya mwaka 1955, dawa ya del Nido inayoweza kutosha kwa dozi moja: yote tuliyoahidi hatutayafikia.

WAFULA: Hata namna ya kulifungua koleo?

ATIENO: Hata hiyo. Ila mzazi anayetusikiliza, kabla ya kutia sahihi, amuulize daktari ni dawa gani itakayousimamisha moyo wa mwanawe na itarudiwa kila baada ya dakika ngapi.

WAFULA: Na aulize itakuwa na joto kiasi gani.