Kitanda, Jina na Swali: Ujenzi wa Filamu ya Evening

Ndugu wanafunzi wa uandishi wa filamu, leo tunaichambua Evening ya mwaka 2007, iliyoongozwa na Lajos Koltai kutoka Hungaria. Skripti iliandikwa na Susan Minot, mwenye riwaya yenyewe, pamoja na Michael Cunningham.

Bibi Ann yuko kitandani, anakata roho polepole. Ugonjwa unamlegeza ulimi, anamtaja Harris. Mabinti zake hawajawahi kulisikia jina hilo. Tazameni hapo vizuri, maana ndipo filamu inapopata injini yake. Nina, binti mdogo, ana mimba ambayo hajaitangaza, na hana hakika kama ataishi na mwanaume wake. Kwake, kujua mama alimpenda nani na kwa nini hakuolewa naye ni haja, si udaku. Ukiandika hadithi ya namna hii, mtafute kwanza mtu wa kando ya kitanda mwenye haja na jibu. Bila huyo, mbinu rejeshi, yaani kurudi kwenye matukio ya zamani, inageuka albamu ya picha, na mtazamaji anachoka kabla ya nusu saa.

Sasa upande wa zamani. Ni harusi ya Lila, rafiki wa Ann, huko Newport, Rhode Island, miaka ya 1950. Harris ni daktari, mtoto wa mtumishi wa nyumba hiyo. Lila anampenda lakini anaolewa na mwingine. Buddy, kaka yake Lila, ni mlevi, na anagongwa na gari usiku uleule Ann na Harris wako pamoja. Mapenzi hayo hayavunjwi na ugomvi wala barua iliyopotea. Yanavunjwa na hatia, na hatia inadumu miaka 50 bila kuhitaji maelezo. Huo ni uandishi mzuri sana.

Udhaifu uko kwa Harris mwenyewe. Watu kadhaa wanamtamani, lakini skripti haimpi kazi ya kufanya mbele yetu. Tunaambiwa anapendeka. Mpe mhusika wa aina hiyo angalau tendo moja linalomgharimu kitu, liwe kabla ya busu la kwanza.

Kuhusu waigizaji: Vanessa Redgrave na Claire Danes, wanaomcheza Ann mzee na kijana, hawafanani. Kwa Lila, Meryl Streep na bintiye Mamie Gummer wamegawana nafasi, kwa hiyo Streep anapoingia chumbani mwishoni na kupanda kitandani kwa Ann, tunamtambua papo hapo. Msipokuwa na bahati hiyo ya damu, chagueni ishara moja ya mwili, mathalani namna ya kushika shingo, muifundishe kwa waigizaji wote wawili kabla ya siku ya kwanza ya kupiga picha. Ikiongezwa kwenye uhariri, imeshachelewa.