Treni Haipendi Mlima, Nasi Pia: Kutoka Pittsburgh hadi Washington kwa Baiskeli

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, wenzangu hamjambo, nanyi vijana mliowahi viti vya mbele, asanteni kwa kunialika. Nimeombwa nieleze jinsi mimi na mzee wangu, baada ya kustaafu, tulivyotoka Pittsburgh katika jimbo la Pennsylvania, tukapita Maryland, tukaingia Washington kwa baiskeli, tukilala hemani na bila gari lolote la kutufuata nyuma. Mimi nilikuwa na miaka 66, yeye 71. Kila ninapokwenda huulizwa tulipata wapi nguvu, na jibu langu huwavunja moyo wanaotamani habari za ushujaa, kwa sababu nguvu haikuwa jambo kubwa. Jambo kubwa lilikuwa mwinuko wa njia.

Mzee wangu, kabla hatujahamia Marekani, alikuwa fundi wa njia katika Reli ya Kati, na yeye ndiye aliyenifungua macho. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza upesi likiambiwa lipande, kwa hiyo mjenzi wa reli hukata kilima, hujaza bonde, huzunguka na mto, hufanya kila hila ili treni isijue kwamba inapanda. Treni ikiondoka na mataruma yakang'olewa, lile tuta hubaki palepale, na aliye na magoti ya miaka 70 anaweza kulipita kwa raha ileile.

Njia tuliyofuata ni mbili zilizounganishwa. Ya kwanza, Great Allegheny Passage, ina urefu wa kilomita 240 hivi kutoka Pittsburgh hadi mji wa Cumberland huko Maryland, na sehemu yake kubwa ni tuta la reli zilizoachwa, likiwa limemwagiwa kokoto laini za chokaa. Kipande chake cha kwanza kilifunguliwa mwaka 1986 karibu na Ohiopyle, na njia nzima ikakamilika mwaka 2013. Yaani kazi ya miaka 27, daraja kwa daraja. Ya pili ni njia ya kando ya mfereji wa kale wa Chesapeake and Ohio, kilomita 297 kutoka Cumberland hadi Georgetown, ndani ya jiji la Washington. Barabara hiyo haikujengewa treni bali nyumbu waliovuta mashua kwa kamba, nami nasema nyumbu azaliwaye na punda na farasi, si yule wa Serengeti. Naye pia hapendi mlima.

Ukitoka Pittsburgh unapanda kwa siku kadhaa bila kuona kilima, kwa maana mwinuko hauzidi mita 1 kwa kila mita 100. Unafuata mto Youghiogheny, unapita Confluence, Rockwood na Meyersdale, kisha unafika kwenye kijinjia kifupi chini ya barabara, kilichochorwa picha ndani yake. Hapo ndipo kilele, mita 729 juu ya usawa wa bahari. Mvua inyeshayo upande mmoja hushuka hadi Ghuba ya Meksiko kupitia mito ya Ohio na Mississippi, na inyeshayo upande wa pili huishia Bahari ya Atlantiki. Mzee wangu alimwaga maji kidogo ya chupa kila upande, akakaa kuyatazama yanavyonywewa na kokoto, nikamwambia kwamba kwa kiasi kile hayatafika hata Rockwood.

Baada ya kilele kuna handaki la Big Savage, lenye urefu wa kilomita 1 na ushei, ambalo hufungwa milango wakati wa baridi ili barafu isiliharibu. Lina taa, lakini baridi yake hata mwezi wa Juni ilinifanya nitafute sweta. Ukitoka, bonde zima la Maryland limetandazwa mbele yako, na muda mfupi baadaye unavuka mpaka wa Pennsylvania na Maryland, ule uliopimwa na Charles Mason na Jeremiah Dixon kati ya 1763 na 1767. Kutoka kileleni hadi Cumberland ni kilomita 38 za kuteremka. Hatukukanyaga pedali ila kwa kujifurahisha, na breki za nyuma za baiskeli yangu zikaisha siku hiyohiyo, kosa langu mwenyewe la kuzishika mfululizo kwa woga.

Cumberland pana kejeli ya historia ambayo siwezi kuiruka. Tarehe 4 Julai 1828, siku moja, zilizinduliwa kazi mbili za kuelekea magharibi: mfereji huu, na reli ya Baltimore and Ohio. Reli ilifika Cumberland mwaka 1842. Mfereji, wenye milango ya maji 74 ya kupandishia na kushushia mashua, ulifika mwaka 1850, ukiwa umekwisha kushindwa. Hata hivyo ulibeba makaa ya mawe hadi mafuriko ya mwaka 1924 yalipoukomesha. Katika miaka ya 1950 lilitolewa wazo la kujenga barabara ya magari juu yake, gazeti la Washington Post likaliunga mkono, na Jaji William O. Douglas wa Mahakama Kuu ya Marekani akawaalika wahariri watembee naye njia nzima kabla ya kuamua. Walianza Machi 1954. Waliomaliza ni 9 tu, yeye akiwamo. Mwaka 1971 mfereji ukawa hifadhi ya taifa.

Hifadhi hiyo ndiyo iliyotupa malazi. Kila baada ya kilomita chache kuna uwanja wa kupiga hema usiolipiwa, wenye meza, choo, mahali pa kuwashia moto na pampu ya maji ya mkono, na unaruhusiwa usiku mmoja tu. Maji hutiwa dawa ya aidini, hivyo chai yetu ya tangawizi ilikuwa na ladha ya zahanati. Usiku wa pili rakuni alifungua mkoba wa karieri, akaacha mchele, akaacha sukari, akala dagaa wote. Nilisikia karatasi zikichakacha nikadhani mwenzangu ana njaa.

Siku ngumu kweli ilikuwa moja. Mvua ilinyesha usiku kucha, na njia ya nyumbu ni ya udongo, tofauti na kokoto za Pennsylvania. Tope lilijaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu likakataa kuzunguka. Kila mita mia mbili tulisimama, tukachokoa kwa kijiti, tukaendelea. Tulifika hivyo kwenye handaki la Paw Paw, mita 950 zisizo na taa, lililoanza kuchimbwa 1836 likamalizika 1850. Mle hakuna kupanda baiskeli. Mfereji uko upande mmoja, ukuta wa matofali upande wa pili, na wewe unasukuma katikati ukiwa na tochi, huku matone yakikudondokea shingoni. Mzee wangu alitangulia akihesabu hatua kwa sauti. Alipofika 900 akapotea hesabu, akaanza upya kwenye 600, nami nikanyamaza.

Tulitumia siku 11. Jiwe la maili sifuri, huko Georgetown, limejificha nyuma ya banda la kukodishia mashua, nasi tulilipita mara mbili. Kesho yake alasiri tulipanda treni ya kurudi Pittsburgh, tiketi za baiskeli zikiwa zimekatwa mapema, maana nafasi zake ni chache. Treni inapita kwenye reli ileile iliyoushinda mfereji, na Harpers Ferry ilipofika nilimwonyesha ng'ambo ya mto Potomac mahali tulipokaa kuanika soksi. Alitazama, akatikisa kichwa, akauliza tope lile la Paw Paw litakuwa limekauka lini, kwa sababu mwezi wa Septemba hana kazi.