Kuipima Imani Tuliyorithishwa

Ndugu zangu, mtu anayeanza kuhoji imani aliyolelewa nayo mara nyingi hukosea hatua ya kwanza: huhoji yote kwa mkupuo. Akigundua fundisho moja halina msingi, kesho yake anashuku hata ufufuko. Kinga yake inataka kalamu na daftari. Andika fundisho moja kwa sentensi moja, kisha uliza limetoka wapi: kwenye Maandiko, kwenye Kanuni ya Imani iliyotungwa Nikea mwaka 325 na kupanuliwa Konstantinopoli mwaka 381, kwenye utaratibu wa dhehebu lako, au ni mazoea tu. Uzito wa hivyo vinne haulingani hata kidogo.

Chukueni Maria Magdalena. Wengi wamekua wakiambiwa alikuwa kahaba. Fungueni Luka 7: yule mwanamke mwenye dhambi anayempaka Yesu marhamu miguuni hatajwi jina. Endeleeni hadi 8:2, na hapo Mariamu aitwaye Magdalene anaingia kama mtu mpya, aliyetokwa na pepo saba. Ukahaba hautajwi. Aliyewaunganisha ni Papa Gregori Mkuu, katika mahubiri ya mwaka 591, na Kanisa la Mashariki halikumfuata. Roma nayo iliwatenganisha ilipopanga upya kalenda ya watakatifu mwaka 1969. Sasa, kilichoanguka hapo ni nini? Ni mahubiri, Luka hajaguswa. Idadi ya mamajusi kuwa watatu, farasi wa Paulo njiani Dameski, na ule msemo kwamba Mungu humsaidia anayejisaidia, vyote ni vya kundi hilohilo: havimo katika Biblia.

Upande mgumu zaidi ni yale yaliyokupata wewe mwenyewe: ulilia kwenye maombi, ulisikia sauti, uliota. Waraka wa kwanza wa Yohana, 4:1, unaagiza roho zijaribiwe, na Paulo katika 1 Wakorintho 14:29 anataka hata manabii wakisema wengine wapambanue. Kwa hiyo andika siku hiyohiyo, kabla hujamsimulia mtu, maana kila ukisimulia unaongeza chumvi. Gawa ukurasa mara mbili. Kushoto weka tukio: “Nilisikia joto kifuani, nikalia.” Kulia weka tafsiri: “Mungu ananitaka niache kazi.” Kinachowaponza watu ni cha upande wa kulia.

Ignasi wa Loyola, askari wa Kihispania aliyekuja kuanzisha shirika la Wajesuiti, alivunjwa mguu na risasi ya mzinga huko Pamplona mwaka 1521. Akiwa kitandani aliwaza mambo ya ushujaa na bibi mkubwa aliyetaka kumtumikia, kisha akawaza maisha ya watakatifu. Mawazo yote mawili yalimpendeza wakati akiyawaza. Tofauti ilikuja baadaye: ya kwanza yalimwacha mkavu, ya pili yalimwacha na furaha. Kipimo basi ni hali unayobaki nayo, si ukali wa kile ulichohisi. Kutokana na hayo aliweka kanuni kwamba wakati wa ukavu usibadili uamuzi uliofanya ukiwa na utulivu. Kusoma na kuuliza endelea, kutoka kanisani, subiri. Akatahadharisha pia juu ya muda unaofuata faraja, kwa kuwa moyo ukiwa bado una joto mtu hujiongezea mipango yake na kuiita ya Mungu.

Na joto hilo hupoa. John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, alisikia moyo wake ukipata joto la ajabu mtaa wa Aldersgate, London, tarehe 24 Mei 1738. Januari 1739 aliandika kwamba yeye si Mkristo, na bado akaendelea kuhubiri. Wahubiri hutusimulia ya Mei, ya Januari wanayaruka.

Daftari hilo lisomwe na mtu wa pili, lakini asiwe mwenye faida na jibu. Mchungaji anayeogopa kukupoteza hafai, na rafiki aliyekwisha kuacha kanisa akawa anatafuta wa kufuatana naye hafai vilevile.