Usiniambie "Dark Grey" Ukanyamaza

Mabibi na mabwana, nitalisema tena lile ninalolisema kila ninapoitwa kuzungumza na wabunifu na waandishi wa hapa Nairobi: ukiandika "dark grey" kwa Kiingereza, yaani kijivu kilichokolea, kisha ukaweka nukta, hujaeleza rangi.

Nendeni Biashara Street, kwenye maduka ya vitambaa. Ombeni vipande viwili vya kijivu kilichokolea, mtoke navyo mlangoni, hasa Julai hii wingu likiwa limetanda tangu asubuhi. Chini ya taa ya duka vilikuwa pacha. Nje, kimoja kitatoa ubuluu, kingine kitaegemea hudhurungi. Mteja wako akiwa London, umemwandikia "dark grey", atajua ni kipi? Andika "slate" kwa cha kwanza, "taupe" kwa cha pili, yaishe. Slate ni jiwe lile la vibao vya kuandikia vya shule za zamani, lenye buluu ndani yake. Taupe ni fuko, yule mnyama mchimbaji, kwa Kifaransa, na rangi ya manyoya yake ndiyo hiyo hiyo.

Kuna atakayeniambia: mwalimu, siku hizi tuna kompyuta, majina ya nini? Haya, twende huko huko kwenye kompyuta. Katika CSS, lugha ya kupambia kurasa za wavuti, "gray" ni 128 kwa nyekundu, kijani na buluu. "Darkgray" ni 169. Namba ikipanda, rangi inasogea kwenye weupe. Kwa hiyo darkgray ni nyeupe zaidi kuliko gray! Fungueni kivinjari chochote mjionee. Chanzo ni orodha mbili. Majina 16 ya HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, yaliweka gray kwenye 128. Katika orodha ya X11, ya kompyuta zinazotumia mfumo wa Unix, gray ilikuwa 190, na kando yake 169 ilikuwa imekolea kweli. Orodha zilipounganishwa, gray ikachukuliwa ya HTML, darkgray ikabaki ya X11. Mnaona tatizo la "dark"? Haina maana mpaka umjue jirani yake, na jirani akihama, neno linadanganya. Sasa tazameni "slategray": 112, 128, 144. Buluu imezidi, kama jiwe lenyewe. Jina hilo halikumtegemea jirani.

Naona naonyeshwa saa. Haraka basi: "charcoal" (mkaa) inakaribia weusi, "ash" (majivu) ni hafifu, "pearl" (lulu) na "gunmetal" (chuma cha bunduki) zina mng'ao, msizitumie kwa ukuta usiong'aa. Wachoraji wa rangi za maji, jifunzeni Payne's grey, iliyopewa jina la mchoraji Mwingereza William Payne: imekolea, ina buluu, na kwenye vivuli inafaa kuliko nyeusi tupu.

Na tahajia, maana lazima mtauliza: Uingereza ni grey, Marekani ni gray. CSS inazipokea zote. Chagueni moja, msiibadilishe katikati ya ukurasa. Niulizeni mengine.