Jinsi ya kumtambua mdudu kijiti na kujua ni wa kundi gani, hatua kwa hatua

Karibuni tena wapendwa. Leo tunaenda polepole, maana huyu mdudu ukiwa na haraka humwoni kabisa. Ni mdudu kijiti, wanasayansi wanamwita fasmida, jina limetoka kwenye Kigiriki, maana yake mzuka, na kwa kweli limemkaa. Spishi zinazojulikana zimepita 3,000, wengine hawafikii hata urefu wa kidole, na yupo mmoja alipatikana Guangxi, China, mwaka 2014, wakampima na miguu yake imenyooshwa akafika sentimita 62.4.

Haya, cha kwanza hakikisha sio vunjajungu. Ntazumu hapa muone miguu ya mbele. Vunjajungu miguu yake ya mbele ina miiba na anaikunja kifuani anasubiri windo, ila huyu wetu anakula majani tu, hana cha kukamata, kwa hiyo anainyoosha mbele, sambamba na mwili. Sasa angalieni hapa paja linapoanzia, mnaona limebonyea kwa ndani? Kichwa kinaingia hapo. Akiibana miguu pamoja ule mbonyeo unakizunguka kichwa, hujui tena kichwa kimeishia wapi na mguu umeanzia wapi, unabaki unaangalia kijiti. Mimi hicho kibonyeo kidogo nakipenda kuliko kitu chochote kwenye mwili wake.

Pili chukua lenzi uhesabu pingili za mwisho wa mguu, zile ndogo ndogo zinazomalizikia kwenye kucha. Karibu wote zina pingili 5. Ukihesabu 3 basi umempata Timema, hao ni wafupi, wanaishi magharibi mwa Amerika Kaskazini, na ni tawi lililojitenga zamani sana, yaani oda nzima, kundi lote la fasmida, inagawanyika hapo, Timema huku na wengine wote kule.

Tatu, na hapa ndo wengi tunapotea: jua kama ni dume au jike. Dume kawaida ni mdogo, mwembamba, mara nyingi ndo mwenye mabawa ya kuruka, jike ni mnene mzito. Wanatofautiana mpaka wataalamu wenyewe wanaweka mke na mume kwenye makundi mawili. Kuna wadudu majani wa Guinea Mpya, kile kisiwa cha kaskazini mwa Australia, hawa ni ndugu wa vijiti, tofauti wao wameiga jani, basi majike yalikuwa yanaitwa Phyllium na madume yanaitwa Nanophyllium, zaidi ya miaka 100 watu wanajua ni jenasi mbili, yaani koo mbili tofauti. Mwaka 2018 pale kwenye makumbusho ya wadudu ya Montreal, Kanada, wakaangua mayai yaliyotagwa na jike la lile kundi la Phyllium, watoto wakakua, alafu madume yalipobambuka ngozi ya mwisho wakajikuta wanaangalia Nanophyllium! Ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo ukiona wawili hawafanani kabisa kwenye mti mmoja usikimbilie kusema ni spishi mbili.

Na spishi nyingine dume utamtafuta usimpate. Yule wa asili ya India anayefugwa sana maabara, Carausius morosus, jike anataga peke yake na mayai yanaangua majike tu.

Sasa hatua ninayoiamini kuliko zote, mayai. Tandika karatasi nyeupe chini ya mdudu uache usiku kucha, asubuhi ukusanye. Mwili unadanganya, umbo la kijiti linamfaa kila anayejificha kwenye matawi, ila yai lina alama zake spishi kwa spishi. Angalieni hili, mtu angeapa ni mbegu. Huku juu kuna kifuniko cha duara, mtoto anakisukuma akitoka. Huku ubavuni kuna kama kovu, umbo la kovu hilo liandike kwenye daftari. Na mayai mengine juu ya kifuniko yana kinundu, siafu hapana, sisimizi wa kawaida wanakipenda, wanalibeba yai mpaka shimoni kwao, wanakula kinundu, yai linabaki salama huko chini. Andika pia ametagaje, maana wengine wanadondosha tu, wengine wanafukia, wengine wanagandisha kwenye jani.

Kukiwa bado na utata ndo inakuja DNA. Kisiwa cha Lord Howe, Australia, kulikuwa na mdudu kijiti mkubwa mweusi asiye na mabawa, Dryococelus australis. Mwaka 1918 meli ilikwama pale, panya wakashuka, na baada ya miaka michache tu haonekani tena. Mwaka 2001 wakapatikana wachache kwenye kichaka kimoja juu ya mwamba wa Ball's Pyramid, unatoka baharini kilomita kama 20 hivi kutoka kisiwani. Shida ni kwamba hawakufanana vizuri na wale waliokaushwa makumbusho, watu wakawa na wasiwasi kama ni wenyewe. Mwaka 2017 wakalinganisha DNA ya wale wa mwamba na ya wale wakavu wa zamani, tofauti haikufika asilimia 1. Ni wenyewe.